Darasa moja, watoto tofauti: maswali ya walimu kuhusu zana na teknolojia

Walimu wanaoniuliza maswali haya wengi wao hawakusomea elimu maalumu. Wamepangiwa darasa la kawaida, na humo ndani yumo mtoto mwenye uoni hafifu, mwingine anasikia kwa shida, na wawili watatu ambao KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) bado haijawashika ingawa wamefika Darasa la IV. Nimeyaandika majibu kama ninavyoyatoa ana kwa ana. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofundisha.

Shule yetu haina kifaa chochote cha maana. Tuanzie wapi?

Muanzie kwa mtoto. Chukua daftari, na kwa wiki moja andika ni wapi hasa anakwama. Je, ni kuona ubaoni, kusikia maelekezo, kushika kalamu, kukumbuka ulichosema dakika tano zilizopita, au kutulia? Mwalimu akiniambia "huyu mtoto ni mzito" sina la kumshauri. Akiniambia "ananakili vizuri kutoka kwenye kitabu lakini ubaoni anaruka mistari", tayari tuna pa kuanzia.

Nasema hivi kwa uchungu. Nimewahi kuingia kwenye stoo ya shule moja nikakuta mashine tatu za nukta nundu, yaani maandishi ya kugusa ya wasioona, kwenye maboksi yake, vumbi juu, na darasani wapo watoto wawili wasioona wanaosikiliza tu mwaka mzima. Vifaa vilikuja, ila hakuna aliyefundishwa kuvitumia, na aliyevipokea alikuwa amehamishwa. Kwa hiyo kabla ya kuomba kifaa, jibuni maswali matatu: nani atakitumia kila siku, nani atamfundisha, na kikiharibika kitatengenezwa wapi.

Wala usidhani teknolojia saidizi ni kompyuta peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na katika hesabu hiyo miwani nayo imo.

Nitajuaje kwamba mtoto haoni au hasikii vizuri, na si mzembe?

Asiyeona vizuri hukunja uso, husogeza daftari puani, hunakili kwa jirani badala ya ubaoni, na mpira ukirushwa anachelewa kuudaka. Asiyesikia vizuri hukutazama mdomo, hujibu swali ambalo hukuuliza, huwaangalia wenzake kwanza ndipo atoe daftari. Akitokwa usaha sikioni mara kwa mara, usingoje muhula uishe. Mpeleke kituo cha afya.

Kazi yako si kutoa jibu la kitabibu, ni kushuku mapema na kumfikisha panapohusika. Kila halmashauri ina ofisa anayeshughulikia elimu maalumu. Muulize kituo cha upimaji na utambuzi kilicho karibu. Wenzetu wa Kenya walianza vituo vya namna hiyo mwaka 1984.

Simu nayo inaweza kusaidia hapa. Huko Trans Nzoia, Kenya, walimu wa shule 50 walishiriki kupima macho ya watoto zaidi ya 20,000. Nusu ya shule walitumia programu ya simu iitwayo Peek, nusu wakatumia utaratibu wa kawaida. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Miongoni mwa watoto waliokutwa na tatizo, waliofika hospitali upande wa Peek walikuwa asilimia 54, na upande wa pili asilimia 22. Kinachonivutia ni sababu yake. Mzazi alipelekewa picha inayoonyesha jinsi mwanawe anavyouona ubao, na baadaye akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Barua ya "mtoto wako ana tatizo la macho" haina nguvu hiyo. Hata bila programu, mwite mzazi darasani, mkalishe kwenye dawati la mwanawe, mweleze mtoto anaona nini na haoni nini.

Nina mwanafunzi mwenye ualbino. Nimemweka mbele lakini bado hasomi ubao.

Mbele hakutoshi kama amekaa anatazama dirisha. Macho yake yanaumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo mgeuzie mgongo dirisha na mruhusu avae kofia hata ndani. Mruhusu pia ainuke na kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa. Ukimlazimisha kunyoosha mkono kila mara ataacha. Ubao uwe mweusi kweli, si wa kijivu uliochoka. Ukipakwa rangi upya, darasa zima litafaidika.

Maandishi ya kuchapa yawe na ukubwa wa 18 au zaidi, meusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa. Kama huna printa, andika kwa maka peni nyeusi. Simu au kishikwambi hapa ni hazina. Piga picha ubao, mpe aikuze kwa vidole viwili hadi aone. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 walimu wengi wa shule za umma Tanzania waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Kama chako kipo, hicho tayari ni kikuza maandishi.

Ngozi pia isisahaulike. Mikono mirefu, paredi fupi, na mafuta ya kujikinga na jua. Pale Moshi, kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC hutengeneza mafuta hayo mahsusi kwa watu wenye ualbino.

Siku hizi simu zinasoma kwa sauti. Nukta nundu ina kazi gani tena?

Ina kazi kubwa, na hapa sitanii. Mtoto anayesikiliza tu hajui kama ni "ng'ombe" au "ngombe", hajui aya inaanzia wapi, na hesabu ya mafungu inampotea kichwani. Kusikia ni kusikia, kusoma ni kusoma. Mwenye macho hatuambii "sikiliza redio, usijifunze herufi".

Louis Braille alikuwa kijana wa miaka 15 tu, mwaka 1824, alipoukamilisha mfumo wake wa nukta sita. Nukta sita hizo, mbili kwa upana na tatu kwa urefu, unaweza kuzifundisha kwa trei ya mayai. Kata kipande chenye vishimo sita, mpe mtoto kokoto au vifuniko vya soda, apange "a", "b", "c". Akishazoea mpangilio kwa mikono miwili, mpeleke kwenye kibao na kalamu ya kudungia. Huko ataandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu karatasi ikigeuzwa ndipo nukta zinapoinuka. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, iliyotoka mwaka 1951, inaondoa usumbufu huo. Unaandika na kusoma upande ule ule, na haitaki umeme hata kidogo. Ni nzito, karibu kilo tano, na ni ghali, ila ikitunzwa inakaa miaka mingi mno. Ifunike, vumbi ndilo adui yake.

Je, simu inaweza kusoma Kiswahili kwa mtoto asiyeona?

Ndiyo. Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, ndani yake tayari, hulipii kitu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, uiwashe. Kwenye simu nyingi unaweza pia kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache. Kisha tafuta sehemu ya usomaji wa maandishi kwa sauti, chagua Kiswahili na pakua sauti yake ukiwa na bando, ili baadaye isome hata pasipo mtandao. Ukiacha sauti ya Kiingereza isome Kiswahili, mtoto atasikia maajabu matupu.

Jitayarishe, kwani ikishawaka, mguso mmoja hutaja kitu na miguso miwili ya haraka ndiyo hufungua. Walimu wengi huogopa hapo wakadhani simu imeharibika. Jifunze wewe kwanza, jioni, nyumbani, umefumba macho. Utamwelewa mwanafunzi wako vizuri zaidi.

Kwa kompyuta ya Windows ipo NVDA, programu ya kazi hiyohiyo, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh. Ni ya bure na inaweza kukaa kwenye flashi, ukaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya maabara. Sauti yake ya Kiswahili inasikika kama ya roboti, lakini watoto huizoea upesi kuliko sisi.

Natuma nukuu zangu WhatsApp lakini mwanafunzi asiyeona anasema hakuna kitu.

Kwa sababu umetuma picha. Programu inayosoma skrini inahitaji herufi, na picha ya ukurasa haina herufi, ina madoa tu ya rangi. Andika maandishi yenyewe kwenye ujumbe au kwenye faili la Word. Ukiwa na haraka, soma ukurasa kwa sauti yako na utume sauti. Mchoro ueleze kwa maneno: "Mshale unatoka kwenye moyo kwenda kwenye mapafu".

Mtoto wangu ana kifaa cha usikivu lakini bado hasikii darasani. Kifaa kibovu?

Angalia kwanza batri. Zile batri ndogo za mviringo zina kibandiko. Ukikibandua hewa huingia na batri huanza kuisha hata kama kifaa kimezimwa. Wapo wazazi wanaobandua zote nne siku ya kwanza "zisije zikapotea". Halafu angalia nta kwenye kile kipande cha sikioni, na jasho. Ukanda wa pwani unyevu ni mwingi. Usiku kifaa kilazwe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Kama kifaa ni kizima, tatizo ni darasa. Kifaa hukuza kila kitu, sauti yako pamoja na madawati yanayoburutwa na mvua juu ya bati. Mkalishe karibu nawe, mita moja au mbili tu kutoka unaposimama. Funga mlango unaotazama uwanjani. Na usizungumze huku umeugeukia ubao.

La mwisho hilo nalisisitiza kwa sababu watoto hawa husoma midomo, na midomo haisemi kila kitu. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: "papa", "baba", "mama". Umeona? Ni umbo moja. "Baba amekuja" na "mama amekuja" kwa mtoto anayesoma midomo ni sentensi moja. Herufi k na g zinatengenezwa nyuma ya ulimi, hazionekani kabisa. Kwa hiyo neno jipya liandike ubaoni kabla ya kulitamka, onyesha kitu chenyewe au picha, na taja mada kwanza: "Sasa tunazungumzia samaki." Ukishasema samaki, "papa" inapata mahali pa kukaa.

Zipo programu zinazoandika ninachosema?

Zipo. Google ilitoa Live Transcribe mwaka 2019, na uandikaji wa kusema kwa Kiswahili kwenye kibodi yake ulianza mwaka 2017. Weka simu karibu na mdomo, sema kwa utulivu, mtoto asome. Hukosea majina ya watu, maneno ya kisayansi na lafudhi nzito, hivyo usimwachie mtoto aitegemee kwa kunakili nukuu. Inafaa sana kwa mazungumzo ya watu wawili, mtoto akitaka kukuuliza jambo baada ya kipindi.

Naweza kujifunza lugha ya alama kwenye video za mtandaoni?

Unaweza, ila angalia ni ya nchi gani. Video nyingi ni za Marekani, na viziwi wa Tanga au Mbeya hawazungumzi lugha hiyo. Tanzania ina Lugha ya Alama ya Tanzania; Kenya ina yake, ambayo Katiba ya 2010 imeitambua kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Mwalimu bora ni kiziwi mwenyewe. Ulizia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kama wana tawi mkoani kwako, na mwombe mtu mzima kiziwi aje shuleni. Mtoto kiziwi aliyezaliwa kwenye familia inayosikia huenda hajawahi kumwona mtu mzima kiziwi mwenye kazi na familia. Siku anayomwona huwa siku kubwa kwake. Wafundisheni na wanafunzi wenzake. Wataikamata kabla yako.

Mtoto ana akili, anajibu vizuri kwa mdomo, lakini kusoma hakuwezi. Nifanyeje?

Inawezekana ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili. Kwa Kiswahili huonekana tofauti na Kiingereza. Herufi zetu husomwa kama zilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto huyu mara nyingi hufika kwenye neno sahihi, ila kwa mwendo wa kinyonga. Anagonga silabi moja moja, na akifika mwisho wa mstari mwanzo umeshayeyuka. Anachanganya b na d. Anameza m ya mwanzo, "mtu" inakuwa "tu", "mbwa" inakuwa "bwa". Anashindwa kutenganisha "ng" na "ng'".

Kigumu zaidi ni urefu wa maneno. Kiswahili kinaweza kubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: hawatakupikia. Kwa msomaji mzuri ni neno, kwa huyu ni treni ndefu. Basi likate treni mabehewa. Chukua manila, kata vipande, andika "ha", "wa", "ta", "ku", "pik", "ia", kila kipande rangi yake. Anza na "wa-ta-pika", ongeza "ha" mbele, ingiza "ku" katikati, badilisha mwisho. Mtoto anashika vipande kwa mkono, anaviona vikisogea, na taratibu macho yake yanaanza kutambua "hawata" kama kitu kimoja badala ya silabi tatu za kugonga. Nimeona watoto wa Darasa la V wakifunguka kwa njia hii baada ya miaka mitatu ya kuitwa wajinga. Dakika kumi kila siku hufaa kuliko saa nzima Ijumaa.

Simu hapa inasaidia kwa kumsomea huku akifuata kwa kidole. Msiba ni pale tunapomnyima jiografia na sayansi kwa kuwa hajui kusoma. Mpe masomo hayo kwa masikio, na kusoma kuendelee kufundishwa pembeni. Usimsimamishe mbele ya darasa kusoma kwa sauti. Kamwe.

Vishikwambi bila intaneti vina faida?

Vina faida kama yaliyomo yalichaguliwa. Mkoa wa Tanga una historia katika hili. Katika XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, lililomalizika mwaka 2019, programu tano za kujifunzia KKK kwa Kiswahili zilijaribiwa kwa miezi 15 katika vijiji karibu 170, na watoto walijifunza bila mtandao, vishikwambi vikichajiwa kwa jua. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi, na kazi za washindani zikaachwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Hazikutengenezwa kwa ajili ya ulemavu, lakini mtoto anarudia zoezi mara ishirini bila mtu kukasirika, na kwa mwenye kujifunza polepole hilo ni jambo kubwa.

Kwa hadithi fupi, African Storybook ina vitabu vingi vya Kiswahili vya bure unavyoweza kuvipakua na kuvichapa. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Pakua mara moja ukiwa mjini.

Mwenye usonji anapiga kelele kila tukibadilisha kipindi.

Mabadiliko ya ghafla yanamtisha. Mchoree ratiba ya siku kwa picha, ibandike kwenye dawati lake, na kila kipindi kikiisha ageuze picha. Mwonyeshe saa ya simu ikihesabu dakika tano za mwisho. Kama haongei, tengeneza ubao wa picha: maji, choo, nyumbani, inauma, sitaki, tena. Serikali ya jimbo la Aragón, Hispania, hutoa picha za aina hiyo bure kwa jina la ARASAAC. "Sitaki" usiisahau. Mtoto asiye na njia ya kusema sitaki atasema kwa meno.

Nitumie akili unde (AI) kuandaa masomo?

Kwa kurahisisha kifungu au kutunga maswali ya viwango vitatu, ndiyo, ukisoma kila neno kabla ya kumpa mtoto, maana Kiswahili chake huteleza na takwimu huzua. Usiandike humo jina la mtoto wala tatizo lake.

Wengine wakilalamika kwamba nampendelea?

Watoto hulalamika siku mbili, wazazi huendelea kidogo zaidi ya hapo. Waonyeshe miwani. Mwenye miwani hajapendelewa. Kisha toa msaada uleule kwa yeyote anayeutaka. Maandishi makubwa yakiwekwa mezani utashangaa wanaoyachukua.

Mtihani wa taifa utamhukumu sawa na wengine?

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huongeza muda, hasa kwa Hisabati. Lakini mahitaji ya mtoto lazima yaandikwe wakati wa usajili. Mkuu wa shule akisahau, siku ya mtihani hakuna atakayemsaidia. Na muda huo wa ziada mpe kuanzia majaribio ya darasani, ili aujue namna ya kuutumia.

Nina shilingi elfu hamsini tu. Ninunue nini?

Manila za rangi, maka peni nyeusi nene, gundi na uzi wa katani wa kuchora ramani za kugusa, gazeti kuukuu la kuzibia nyufa za mlango unaopitisha kelele, na rangi nyeusi ya ubao. Trei za mayai na vifuniko vya soda omba bure kwenye kibanda cha chipsi. Chenji inunue kadi ndogo ya kumbukumbu, urekodi humo sura zote za kitabu kimoja cha kiada kwa sauti yako mwenyewe. Anza na lile somo ambalo mtoto wako amebaki nalo nyuma zaidi.